Mlango wa Baba Mkwe

Mmeniuliza mara nyingi, nyinyi mlioachiwa ile ofisi ya ujenzi pale Busia, kwa nini nikifika kwenye nyumba yoyote, hata yenye arusi, nafungua mlango na kuufunga kabla sijasalimia watu. Mmoja wenu alisema chini chini kwamba huyu mama kazi imempanda kichwani. Nilisikia. Sasa nimestaafu, nafasi ya kujibu ninayo, na nyinyi hamna pa kujificha.

Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Vyeo vilikuja vikichechemea, na mshahara wa kaunsili, hiyo halmashauri yetu, mnaujua wenyewe. Nitawaambia ya siku ya kwanza, ya mzee aliyenifunza, na ya ile asubuhi ardhi ilipotikisika, kwa sababu hapo ndipo nilipojua kweli niliajiriwa kufanya nini.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu cha ujenzi, nimeolewa Butula, na mtoto bado ananyonya. Idara nzima ilikuwa ya wanaume. Karani wa mapokezi aliponiona mlangoni aliniuliza nimeletea nani chakula. Nikamwambia nimejiletea mwenyewe. Nikapewa gambuti za mpira za mtu aliyehama, kubwa ajabu, nikazijaza magazeti mbele ili zisinitoke, pamoja na kofia ngumu ya manjano iliyokuwa inabaki inatazama mbele hata nikigeuza kichwa nyuma.

Aliyekabidhiwa mimi ni Mzee Wandera, msimamizi wa ukaguzi wa majengo, Msamia mfupi mwenye sauti ya kukwaruza kama msumeno. Hakunikaribisha wala hakunikataa. Alinipa ngazi niibebe, basi. Tukaenda Malaba kukagua lojingi moja ya kulala wageni iliyokuwa karibu na foleni ya malori. Mwenye lojingi alikuwa na maneno mengi matamu, na soda baridi ilikuwa tayari mezani. Mzee Wandera akampita kama hakumwona, akafungua mlango wa chumba cha kwanza, akaufunga. Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu ukagoma, ukakwaruza sakafu. Hapo ndipo alipogeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akanieleza kwamba mwenye nyumba ana sababu ya kukudanganya, lakini mlango hauna. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kugoma ghafla, ujue fremu imesukumwa. Fremu haijisukumi, imesukumwa na ukuta. Sasa uende ukamtafute aliyeusukuma ukuta. Tukamtafuta, tukamkuta ni bomba la maji lililokuwa linavuja chini ya msingi. Soda tulikunywa baadaye, ikiwa imeshapoteza ubaridi.

Vifaa vyetu vingeenea kwenye kikapu cha kwenda sokoni. Timazi, yaani risasi nzito kwenye uzi, ya kuonyesha kama ukuta umesimama wima au umeanza kuinama. Pima maji ya mbao. Nyundo ndogo ya kugongea matofali, kwa sababu tofali zima hulia na lililopasuka hukohoa. Chaki. Na kitu alichokipenda Mzee Wandera kuliko vyote, vipande vyembamba vya kioo. Ukikuta ufa ukutani, unabandika kipande cha kioo juu yake kwa plasta, upande huu na upande huu, kama unafunga kidonda. Kioo kikikaa, ufa umelala. Kioo kikivunjika, ufa unatembea, na wewe tembea pia.

Lazima niwaambie kidogo ya nyumbani, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Baba mkwe wangu, Mzee Barasa, alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma pale Butula, aliyoijenga kwa pesa za pamba wakati pamba ilikuwa pamba. Watu waliiita Nyumba ya Pamba. Alikuwa anaifagilia mwenyewe ukuta wa nje, jamani, kwa ufagio wa nyasi. Na kama mnavyojua desturi zetu, mkaza mwana na baba mkwe hawazoeani. Simpi mkono. Sikalii kiti chake. Tukikutana njiani mimi naingia kwenye nyasi. Sebuleni naweza kupeleka chai na kutoka, lakini chumba chake cha kulala ni mwiko mkubwa. Hata kuzungumza, hakuzungumza na mimi. Alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia, hata kama sote watatu tumesimama uwanja mmoja na nimesikia kila neno.

Lakini mtu huyo nilimpenda. Nilipopata kazi ya kaunsili, shemeji zangu walinung'unika kwamba mwanamke gani atapanda mapaa ya watu. Mzee Barasa aliwasikia. Akamwambia mkewe, kwa sauti ya kufika jikoni nilikokuwa, "Mama Ouma, mwambie huyo mtoto aende kazini. Hakusomea ngazi aje kuegemea ukuta wangu." Nilikaa kwenye moshi nikalia, nikasingizia kuni mbichi.

Sasa tuje kwenye asubuhi yenyewe. Nilikuwa Malaba, juu ya ngazi, napima paa la duka moja, na Mzee Wandera ameishika ngazi chini. Ngazi ikaanza kutikisika. Nikadhani ananitania, nikamwambia kwa heshima zote aache utoto. Kisha nikasikia minyororo ya matrela yote kwenye foleni ikilia kwa pamoja, ng'ombe wakipiga kelele, chupa za soda zikigongana. Nikatazama chini nikamwona Mzee Wandera ameiacha ngazi, amechutama, mikono yote miwili juu ya ardhi kama anayetaka kuituliza. Sijui nilishukaje. Nilijikuta nimesimama barabarani na gambuti moja.

Ilipotulia watu wote wakaongea mara moja. Na hapa, vijana, shikeni hili. Kila mtu alianza kurudi ndani. Mmoja amesahau redio, mwingine ameacha sufuria jikoni, mwingine anataka tu kuona vyombo vilivyovunjika. Mzee Wandera alisimama katikati ya barabara akipaza ile sauti ya msumeno kwamba ardhi ikitikisika mara moja huwa inarudi, na inaporudi inakuta kuta zimeshachoka. Hakuna kurudi ndani. Simama mahali ambapo ukuta ukianguka ukalala chini wote haukufikii. Usisimame chini ya waya wa stima.

Kisha akanituma kwa akina mama wa chapati. Malaba mnaijua, matangi ya mafuta yamepanga foleni, na kando yake majiko ya makaa yanawaka kutoka asubuhi. Tangi moja lilikuwa limeanza kudondosha petroli kwenye mdomo wake, harufu imejaa. Tukafunika majiko kwa mchanga, moja baada ya jingine, na madereva tukawaambia asiwashe mtu injini. Utingo mmoja, kwa uoga, akatoa sigara na kiberiti. Mama mmoja Mteso, muuza uji, akamnyofoa ile sigara mdomoni kabla hajawasha kiberiti, akaitumbukiza kwenye uji wake mwenyewe, uji mzima, akauacha. Huyo mama ndiye aliyeokoa Malaba siku hiyo, na hakuna aliyemfanyia sherehe. Mimi nikikumbuka nacheka, halafu nashukuru.

Mchana tukarudi Busia, tukaanza na Burumba, kwenye zile nyumba za kupanga. Tulikuwa tunaingiza macho tu, miguu inabaki nje. Nyufa nyembamba za plasta kama nywele hizo tuliziacha. Tuliogopa ufa wa kwenda mshazari, unaoanzia kwenye pembe ya dirisha ukapanda hadi kwenye paa, ule unaoweza kuingiza kidole. Nyumba zenye ufa wa namna hiyo Mzee Wandera alizichora mlangoni kwa chokaa, mstari huu na mstari huu umekatiza, maana yake usiingie. Tulipozunguka nyuma tukirudi, tukakuta watu wametandika mikeka ndani ya nyumba hizohizo. Mama mmoja alitupokea kwa shangwe akatushukuru kwa kumwekea msalaba. Na jirani yake, ambaye nyumba yake ilikuwa nzima kabisa, alikuwa amekasirika kwa nini yeye hatukumbariki.

Mzee Wandera alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka machozi. Kisha tukafuta misalaba yote, tukakata matawi ya miiba tukayafunga milangoni. Miiba kila mtu aliielewa. Tangu siku hiyo sijawahi kuweka alama kabla ya kumuuliza mtu wa hapo hiyo alama inamwambia nini.

Tulikuwa tukifunga miiba ya mwisho ndipo shemeji yangu Ouma alipofika, amebebwa na boda boda, zile za baiskeli, yeye na mwendeshaji wote wanahema. Akasema Nyumba ya Pamba imepasuka, na Baba amekataa kutoka. Alikuwa uwanjani ardhi ilipotikisika, ilipotulia akaingia chumbani, akalala kitandani, akasema nyumba aliyoijenga mwenyewe haiwezi kumfukuza. Mume wangu alikuwa anafundisha Funyula, habari ilikuwa haijamfikia. Mzee Wandera akawasha pikapu ya kaunsili.

Tulipofika, niliona kabla hata gari halijasimama. Ukuta wa pembeni, ule mrefu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa, ndio uliokuwa ukuta wa chumba chake. Ufa ulitoka pembe ya dirisha ukapanda mpaka juu. Mzee Wandera akaning'iniza timazi kwenye tawi la mti, mbali na nyumba, uzi ukaonyesha ukuta umeinamia ndani. Ndani, upande wa kitanda. Matofali yalikuwa ya kuchoma, mazuri kweli, lakini yalishikanishwa kwa udongo, si kwa saruji. Hapo chini, mahali ufa ulikuwa bado mwembamba, tulibandika kipande cha kioo juu yake haraka haraka tukarudi nyuma.

Wanaume wote walikuwa wameshajaribu. Wana wake walimsihi kupitia dirishani. Jirani aliimba. Naibu wa chifu aliamuru. Hakuna aliyethubutu kumbeba, kwa sababu alikuwa amesema atakayemgusa atamwachia laana, na mtoto gani anataka laana ya baba yake. Mzee Wandera akajaribu kwa utaratibu, akaeleza timazi na ufa na udongo. Kutoka ndani Mzee Barasa akajibu kwamba anamheshimu sana mgeni, na arudi mjini akakague choo cha soko, hicho ndicho kinachonuka.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini karibu na migomba, kanga kichwani, analia bila sauti. Nikamwomba amwambie Baba kwamba ardhi itarudi. Akamwambia.

Jibu likatoka dirishani, "Mama Ouma, mwambie huyo mtoto ardhi imeshatikisika, imemaliza."

Nikamwomba amwambie ukuta umeinama. Baba akajibu, mwambie hata yeye ameinama na bado anakula. Watu wakacheka, na mimi nilitamani kulia. Tulikuwa tukibishana hivyo, mimi na baba mkwe wangu, na yule mama maskini katikati akirudia maneno ambayo kila mtu ameshayasikia, ndipo kikasikika kitu kidogo, tik. Mzee Wandera akanionyesha kwa kidole. Kipande cha kioo kilikuwa kimekatika katikati.

Nikamwambia mama amwambie kioo kimevunjika. Baba akajibu kwamba vioo huvunjika, ndiyo maana yeye alijenga kwa matofali.

Hapo hasira ilinipanda. Hasira na mapenzi, vyote pamoja. Nikasema moyoni, huyu mzee atakufa hapa mbele yangu, na mimi nimesomea hii kazi, na yeye ndiye aliyesema niende nikaifanye. Nikatembea hadi kwenye mlango wa mbele wa sebule. Nikausukuma, ukagoma, ukakwaruza. Nikausukuma kwa bega ukafunguka. Nikainua mguu na ile gambuti yake ya kaunsili nikaipiga kwenye sakafu ya saruji, puu, ndani ya kizingiti. Nikaipiga tena. Nikasema moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya tangu niolewe:

"Baba, nisamehe. Naingia chumbani kwako."

Mama mkwe alishika mdomo. Kutoka chumbani nikasikia kitanda kikilia, kitu kikaanguka, kisha sauti ya Mzee Barasa, si ya kiburi tena, ya mtu aliyeona nyoka, "Mama Ouma! Mwambie huyo mtoto asithubutu!" Nikapiga gambuti mara nyingine. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, na baba mkwe wangu akatoka mbio, blanketi mabegani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akapita migomba, akapita choo, akasimama kwenye shamba la mihogo. Sijawahi kumwona mzee wa umri ule akikimbia vile. Mimi nami niliruka nje upande wa mbele nikakimbia mbali na kuta.

Kutoka kwenye mihogo alianza kunishtaki. Mama Ouma, mwambie amenivunjia heshima. Mwambie wazee watakaa. Mwambie kwao hawakumfunza. Alikuwa bado anaorodhesha makosa yangu ardhi iliporudi. Haikuwa kubwa kama ya asubuhi, ilikuwa kama mtu anayejigeuza kitandani. Ilitosha. Ule ukuta ukakunjamana, ukaingia ndani wote, na kipande cha paa kikaufuata. Vumbi jekundu likapanda juu ya migomba.

Vumbi lilipotulia tuliona kitanda kupitia pengo, au tuliona mahali kilipokuwa. Matofali ya pamba yalikuwa yamelala juu yake mpaka usawa wa dirisha. Nilikaa chini kwenye udongo.

Kisha kutoka kwenye mihogo, polepole, sauti ikasema, "Mama Ouma. Mwambie... mwambie akae mbali kidogo na huo ukuta uliobaki."

Familia nzima ililala nje, chini ya turubai tulilolifunga kwenye migomba, maji tukayachemsha kwa sababu kisima kilikuwa kimegeuka matope, na hakuna aliyeingia kutafuta hata kijiko mpaka Mzee Wandera alipokuja tena kukagua kilichobaki. Nawaambia pia wazi: mimi nilikanyaga ndani ya mlango wa nyumba iliyokuwa inaanguka. Msiige. Mzee Wandera alinisema njia yote ya kurudi Busia, na alipomaliza kunisema akaninunulia samaki wa kukaanga.

Wazee walikaa kweli. Kosa lilikuwa zito, ila walishindwa kukubaliana kama mguu mmoja sebuleni ni kuingia chumbani au si kuingia. Mama mkwe, ambaye kwa miaka yote alikuwa ni wa kurudia maneno ya wengine, siku hiyo alitoa yake. Alisema aliyekanyaga ni gambuti, na gambuti ni ya kaunsili, kwa hiyo kuku wa faini aletwe na kaunsili. Wazee walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Kuku nilimleta mimi, jogoo mwekundu, na Mzee Barasa alimpokea kupitia kwa Ouma.

Nyumba ilijengwa upya, safari hii kwa saruji na mkanda wa zege juu ya madirisha. Nilichora mimi, ila aliyetoa amri alikuwa yeye, kupitia njia ile ile. Alitaka chumba chake kiwe na mlango wake mwenyewe, unaofungukia nje, karibu na kitanda. Fundi aliuliza wa nini. Akaambiwa siku kaunsili ikija tena, mzee asipate shida ya kuzunguka.

Nyumba ilipoisha nikaitwa kuikagua. Nilifika na vifaa vyangu, na gambuti mpya za saizi yangu. Mlango ule wa chumba sikuugusa, nilikagua vingine vyote. Nikasikia akikohoa ndani, kisha akasema, "Mama Ouma, mwambie mkaguzi aupime na huu."

Nikasimama nje, nikaufungua mlango wa baba mkwe wangu bila kutazama ndani, nikaufunga. Ukafunga vizuri kabisa. Haukukwaruza hata kidogo.

"Mama Ouma," akasema, "mwambie asante."

Nikangoja mama aniambie. Lakini mama mkwe alikuwa amekwenda sokoni tangu asubuhi, na Ouma alikuwa shambani. Uwanja ulikuwa mtupu, tulikuwa wawili tu, na mlango katikati yetu. Nadhani na yeye alilijua hilo wakati ule ule, kwa sababu alianza kukohoa tena. Niliinama nikaanza kukusanya vifaa vyangu ili nisimwaibishe.

"Asante, mwanangu," akasema.